Vitalu 16 kwa Mayu: shajara ya jaribio la dawa za pamba

27 Novemba

Kikao cha leo chini ya mkwaju kilianza na neno moja na kikaishia na hilo hilo: maji. Kila mwanakikundi ana kisa chake cha msimu uliopita. Alipiga dawa jioni, asubuhi akakuta funza wa vitumba wanatembea kama watu waliotoka kuoga. Wengi wameshahukumu kwamba ekapaki, zile chupa za dawa ya pamba tulizonyunyizia, zilikuwa maji yaliyotiwa harufu. Mimi ni katibu, kwa hiyo niliandika yote, kisha nikauliza swali ambalo halikunipendekeza kwa mtu: kuna yeyote aliyehesabu funza kabla ya kupiga? Kimya.

Bwana shamba wa kata akalidaka swali hilo. Akasema kama tuna hasira kiasi hiki, tuipeleke shambani, tupime. Huku kwetu Simiyu buluba, yaani pamba, ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo deni la duka. Mtu hawezi kukaa misimu mitatu akilalamikia chupa bila kujua kama kosa ni la chupa, la mdudu au la mikono yake.

Tumekubaliana kupima mambo manne:

A: dawa ya jamii ya pareto ya viwandani (pairethroidi), ile ile tuliyoizoea, ikipigwa kila baada ya siku 14, mara sita, kwa kalenda kama tunavyofanya siku zote.
B: dawa ile ile ya A, lakini haipigwi mpaka tukague na kukuta wadudu wamefikia kiwango.
C: emamektini benzoeti, dawa ya kundi jingine kabisa, nayo kwa ukaguzi.
D: maji matupu.

Hiyo D ndiyo iliyoleta mzozo. Hakuna aliyetaka kitalu cha maji shambani kwake. "Niwalishe funza kwa hiari yangu?" aliuliza mmoja. Nilijaribu kueleza kwamba bila kitalu kisichotiwa dawa hatuna cha kulinganishia, maana funza hupungua wenyewe wakati mwingine kwa mvua, kwa siafu, kwa ndege, halafu chupa ikapewa sifa ya bure. Walinielewa vizuri. Shamba hawakutoa.

Mwishoni alisimama mama mmoja mjane, sote humwita Mayu. Akasema yeye atatoa, kwa sharti: kilo zozote zitakazopungua shambani kwake kwa sababu ya jaribio hili, kikundi kimlipe. Mwenyekiti akasema sawa. Nikaandika sentensi hiyo kwenye daftari neno kwa neno, tukapiga makofi.

2 Desemba

Tumepima shamba. Linashuka: juu ni luseni, mchanga, na kadiri unavyoteremka udongo unakuwa mzito kuelekea mbugani. Pamba ya juu na ya chini haziwezi kufanana hata zikipewa dawa moja. Kwa hiyo tumepanga safu nne zinazokata mteremko, kila safu ina vitalu vinne, na ndani ya kila safu A, B, C na D zote zipo. Nafasi ya kila moja ilipigiwa kura kwa vizibo vya soda ndani ya kofia ya mwenyekiti. Mzee mmoja alidhani tunacheza kamari.

Kitalu kimoja ni mita 6 kwa 10. Kati ya kitalu na kitalu tumeacha njia ya mita 2 ili upepo usibebe dawa ya jirani. Jumla ni mita 30 kwa 46, theluthi ya eka hivi. Mayu alizunguka akiangalia kamba zetu, akaingia njia moja, akatoka nyingine, hakusema neno.

6 Desemba

Mvua imenyesha, tumepanda. Mstari hadi mstari sentimita 60, shimo hadi shimo 30. Mbegu ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru.

27 Desemba

Kupunguza miche. Palizi ya kwanza. Hakuna zaidi.

12 Januari

Chawa jani wameonekana, wale wadogo wa kijani wanaotembea ubavu ubavu ukigeuza jani. Vijana wawili walitaka tufungue dawa leo leo. Bwana shamba akawaambia washike jani waliinue kuelekea jua: lina manyoya. Watafiti wa Ukiriguru walitumia miaka mingi kuchagua pamba yenye manyoya, kwa sababu chawa jani hupata taabu kutaga na kufyonza kwenye jani la namna hiyo. Herufi UK unazoziona kwenye majina ya mbegu kama UK91 ni Ukiriguru. Kinga hiyo umeilipia ulipolipia mbegu, sasa unataka kuilipia tena kwa chupa?

Hatukupiga. Nyongeza ya 21 Januari: kingo za majani hazikuwa zimekunjamana wala kuwa nyekundu, isipokuwa kwa miche michache ya safu ya juu.

26 Januari

Vitumba vya maua vimeanza. Kabla ya dawa yoyote tumefanya zoezi la maji, nalo limenifundisha kuliko nilivyotarajia.

Watu watatu, bomba moja la lita 16, kitalu kimoja cha mita za mraba 60. Kila mmoja apige anavyopiga kwake, bila kuelekezwa, kisha tupime maji yaliyopungua. Wa kwanza, kijana anayetembea kama anafukuzwa, alitumia lita 1.1. Wa pili lita 1.7. Wa tatu, mzee asiye na haraka na dunia, lita 2.6.

Zidisha kwa eka. Kijana anamaliza eka kwa lita 74, karibu mabomba matano. Mzee anatumia lita 175, mabomba kumi na moja. Na wote wawili, tulipowauliza, wanaweka kizibo kile kile cha dawa kwa kila bomba! Maana yake eka ya mzee inapata dawa zaidi ya mara mbili ya eka ya kijana, kutoka chupa zinazofanana, duka moja, siku moja. Halafu jioni wanakaa pamoja kijiweni, mmoja anasema dawa ni kali inababua majani, mwingine anasema ni maji.

Ekapaki ni ya eka moja. Jina lenyewe linasema. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kujua eka yao inakula mabomba mangapi? Mimi sikujua ya kwangu.

Tumemchagua yule wa lita 1.7 awe mpigaji wa vitalu vyote, na tumemwekea mwendo: hatua moja, kichwa cha bomba upande huu, hatua ya pili, upande ule. Dawa ya vitalu vinne ni kama sehemu moja ya kumi na saba ya ekapaki, kwa hiyo tunapima kwa bomba la sindano tulilonunua duka la dawa za binadamu. Nimelifunga utepe mwekundu, linakaa kwenye kopo pamoja na dawa. Lisije likaingia ndani ya nyumba ya mtu.

2 Februari

Pulizo la kwanza la A. Saa kumi na moja jioni, upepo umetulia, nyuki wamesharudi kwao. Maji tuliyachota lambo. D nayo imepigwa maji matupu na mtu yule yule kwa bomba lililosuuzwa, ili kama kuna funza anayedondoka kwa kutikiswa tu, adondoke kote.

Nilikuwa na mpango wa siri: mpigaji asijue bomba lina nini. Nilifunga nyuzi za rangi, nikachanganya mwenyewe nyuma ya mti. Haukudumu hata dakika tano. Dawa hii ikiingia kwenye maji huwa nyeupe kama maziwa, na maji ya lambo ni ya kahawia. "Katibu, hili ndilo la dawa," akasema, akicheka. Tumebaki na nusu ya mpango: wanaohesabu wadudu wasijue kitalu kipi ni kipi. Vibao vina namba tu, ufunguo wa namba uko kwenye daftari langu.

Tunakagua mimea 12 kila kitalu, ya mistari sita ya katikati. Mistari miwili ya kila ubavu hatuigusi kwa sababu ndiyo inayopokea dawa ya jirani. Vitalu vinne mara 12 ni mimea 48 kwa kila herufi. Kabla ya kupiga: A funza 15, D funza 14. Mayai bado machache, hivyo B na C hazikupigwa.

5 Februari

Siku ya tatu. A imebaki na funza 11. D imepanda hadi 16.

Hesabu ya namna hii ina kanuni yake, ya Henderson na Tilton, ya mwaka 1955. Unalinganisha kupungua kwa upande wenye dawa na mwenendo wa upande usio na dawa katika siku zile zile. Yetu imetoa asilimia 36. Yaani katika kila funza watatu, dawa imeondoa mmoja na kidogo.

Kijiweni habari ilifika kabla yangu. "Si tulisema?" Watu walitaka nikaiandikie barua ofisi fulani jioni ile ile. Nilikuwa karibu kukubali, kusema kweli. Na mimi nilinunua dawa msimu uliopita.

8 Februari

Bwana shamba alikuja na pikipiki, akaomba kuona bomba kabla ya kuona pamba. Akafungua nozeli, kile kichwa cha bomba kinachotawanya dawa. Tundu lake lilikuwa limepanuka na kuwa la umbo la yai. Mwenye bomba amekuwa akilizibua kwa mwiba wa mgunga tangu alinunue. Badala ya kutoa mvuke mwembamba wa mviringo lilikuwa linatema matone makubwa, na tone kubwa hugonga jani na kuteleza chini. Ukitazama mchanga chini ya mistari, alama za matone bado zilikuwepo.

Kisha akauliza maji. Lambo, tukasema. Akachota kwenye chupa ya soda akaisimamisha kivulini, baada ya nusu saa chini kulikuwa na tope la unene wa kidole. Dawa za jamii hii hung'ang'ania chembe za udongo wa mfinyanzi kwa nguvu sana, na kilichoshikwa na tope hakimgusi funza tena. Tumekuwa tukiua dawa ndani ya bomba.

La tatu nilikuwa nimeliona mwenyewe lakini sikulipa uzito. Wengi wa wale funza 15 walikuwa wakubwa, wameshaingiza kichwa ndani ya kitumba. Mdudu huyu hutaga yai moja moja kwenye sehemu changa za juu, linaanguliwa baada ya siku tatu hivi, na kafunza hutembea nje kidogo kabla ya kujificha. Ukimkuta ndani umeshachelewa, hata upige kwa nini.

Nozeli mpya imenunuliwa. Maji sasa yatatoka kisimani.

16 Februari

Ukaguzi wa asubuhi: mayai 27 kwenye mimea 48 ya B, 31 kwenye C, 29 kwenye D. Kiwango tulichojiwekea ni 24, yaani nusu yai kwa mmea. Kwa hiyo leo A inapigwa kwa kalenda, na B na C zinapigwa kwa ukaguzi. Funza waliokuwepo kabla: A 13, B 19, C 20, D 17, wengi wachanga kama uzi.

Mimea imekua, tumepima upya, sasa kitalu kinakula lita 2.4. Chupa ya A na B ni ile ile ya tarehe 2. Nasisitiza hilo kwa sababu nitaulizwa.

17 Februari

Leo kidogo tusambaratike. Vijana wa kuhesabu walikwenda mapema kuliko ratiba, wakarudi wakisema kitalu namba 3, 6, 12 na 13 funza bado wazima. Nikafungua daftari: zote ni C. Dawa mpya, ya bei, niliyoitetea kwenye kikao.

Nilikwenda mwenyewe. Kweli walikuwepo. Lakini niliinama kwa mmoja kwa muda mrefu. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitumba, hali. Nikamgusa kwa kijiti, akajikunja polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini. Emamektini haimwangushi mdudu papo hapo kama pairethroidi. Lazima aile au imguse vizuri, ndipo misuli yake inalegea, anaacha kula ndani ya saa chache, na kufa kunafuata baada ya siku mbili hadi nne. Mkulima aliyezoea kuona funza wamelala chini asubuhi atakwambia hii dawa haifai, na atapiga nyingine juu yake. Pesa mara mbili kwa funza ambaye alishakufa ila hajui.

Nimewaomba vijana wafuate ratiba.

19 Februari

Siku ya tatu. A imebaki na 3, B 5, C 3, na D imepanda hadi 22. Kwa kanuni ile: A asilimia 82, B karibu 80, C 88.

Chupa moja. Wiki mbili zilizopita asilimia 36, leo 82.

Hapa nilipaswa kushangilia, ila nina kosa la kukiri. Tulibadilisha nozeli na maji kwa pamoja, na funza wa safari hii walikuwa wadogo kuliko wa mwanzo. Mambo matatu kwa mpigo. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu ni lipi kati ya hayo lililoleta tofauti. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeona kosa hilo. Kitu kimoja tu nina uhakika nacho: hii chupa haikuwa maji.

Na hilo halisemi chochote kuhusu chupa za msimu uliopita. Zile zimeshatupwa, na kwa taarifa nilizopata nyumba mbili zilikuwa zinawekea mafuta ya taa. Tumekubaliana kuanzia sasa kila chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba, kisha itobolewe kwa msumari.

2 Machi

A, pulizo la tatu. Mvua ikaja baada ya saa moja, yote ikaenda na maji. Hatukurudia, kwa sababu mkulima anayefuata kalenda na mwenye ekapaki zilizohesabiwa asingerudia.

Mbuzi wameingia kitalu cha D cha safu ya chini. Wamekula mistari miwili ya pembeni, ya katikati imepona.

9 Machi

Mayai yamevuka kiwango tena. B na C zimepigwa, pulizo la pili. Mzee mmoja aliuliza kwa nini C isipewe dawa tofauti mara hii, maana tulifundishwa kubadilisha. Yuko sahihi kwa shamba lake, na nilimwambia hivyo. Ukipiga kundi moja mfululizo, wale funza wachache walioumbwa wakaweza kulistahimili ndio wanaobaki kuzaa. Huko Emerald, Queensland, Australia, mwaka 1983, funza huyu huyu wa vitumba alianza kushinda pairethroidi mashambani, miaka michache tu baada ya dawa hizo kuingia sokoni kwa kishindo. Lakini jaribio linataka kila dawa isimame peke yake, la sivyo mwishoni hatujui nani kafanya kazi.

Jambo hili limenikaa kichwani njia nzima ya kurudi. Malalamiko ya "maji" yanaweza kuwa na mizizi minne: dawa iliyochakachuliwa, funza sugu, bomba bovu, au siku mbaya. Ukisimama shambani zote nne zina sura moja, funza anatembea. Kutenganisha mbili za mwanzo kunahitaji maabara. Mbili za mwisho zinahitaji ndoo, saa na mtu mwenye subira.

16 Machi

Kabla ya kupiga A kwa mara ya nne nimekuta kitu kisichokuwa kwenye daftari. Majani ya juu ya vitalu vya A yananata. Ukigeuza, vidukari wamejaa chini, wengine weusi, wengine kijani, na sisimizi wanapanda na kushuka kama wako zamu. B wapo kidogo. D, kitalu cha maji, karibu hakuna.

Nilidhani vijana wamekosea namba. Nikarudia mwenyewe. Ndivyo.

Jibu lilikuwa kwenye D. Pale kuna wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi, mgongo kama kobe, na watoto wao wenye umbo la mamba, wanaokula vidukari tangu asubuhi. Kuna buibui karibu kila mmea wa tatu. Kwenye A tulishawapiga mara tatu, mbili kati ya hizo wakati hata mayai ya funza hayakuwa yamefikia kiwango. Dawa hii haichagui. Vidukari huzaa upesi kuliko walinzi wao, wakirudi wa kwanza shamba ni lao.

Mayu alikuwa anapalilia karibu. Nikamwonyesha. Akasema, "Ng'wanone (mwanangu), mama yangu hakuwa na bomba. Alikuwa anatukataza kuua hawa wekundu." Sikuandika kwenye jedwali maana halina safu ya jambo la namna hiyo, naliandika hapa.

Ananiuliza pia kama utomvu ule utaharibu pamba ikifunguka. Utaharibu. Nyuzi zinazonata ni kero kwa kiwanda.

30 Machi

A pulizo la tano, B na C la tatu na la mwisho. Mikono inauma. Glavu zimechanika kidole gumba, nimemzuia mpigaji mpaka zilipopatikana nyingine. Tulichelewa saa nzima na kumaliza kwa mwanga wa simu.

13 Aprili

A, la sita. Kangambili wameanza kuonekana kwenye vitumba vinavyopasuka, kwa vitalu vyote bila upendeleo. Hao ndio wanaogeuza pamba safi kuwa fifi, pamba chafu ya daraja la chini. Tumewakusanya kwa mkono na kuwatia kwenye kopo la maji ya sabuni. Watoto wa shule walifurahia kazi hiyo kuliko nyingine zote za mradi.

24 Mei na 12 Juni

Michumo miwili. Mizani ya chama ni ya kilo 100, haiwezi kusoma kilo moja na robo. Tumeazima ya muuza sato, ya betri, tukaipangusa mpaka ikaacha kunuka, karibu.

Tulichuma mistari sita ya katikati, tukaacha mita moja kila mwisho, kwa hiyo kila kitalu kinatoa mita za mraba 28.8. Jumla ya vitalu vinne kwa michumo yote miwili:

A: kilo 10.4
B: kilo 11.2
C: kilo 11.9
D: kilo 6.3

Ukizipeleka kwa eka ni kama 365, 393, 418 na 221.

B na C siwezi kuzitenganisha kwa dhamiri safi. Katika safu mbili B ilishinda, katika safu mbili C. Mtu asinunue ya bei kwa kutaja daftari langu. Lakini A dhidi ya B ni dawa moja, na B ilitumia mapulizo matatu tu. A ilitumia sita, ikapata pungufu, na pamba yake ndiyo iliyonata. Nusu ya dawa, nusu ya jasho, kilo zikawa juu kidogo. Mzee asiye na haraka alisoma namba hizo mara mbili, akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nalisha vidukari?"

D pia ina neno lake. Bila tone la dawa ilitoa zaidi ya nusu ya A. Vijana walitarajia sifuri.

29 Juni

Kikao cha kufunga hesabu, chini ya mkwaju ule ule. Nilisoma ile sentensi ya Novemba, kisha nikasoma deni. Vitalu vinne vya maji ni mita za mraba 240. Tukichukua A kuwa ndivyo Mayu angepiga mwenyewe, kila mita ilipoteza gramu 36 hivi. Kilo 8.5. Mwenyekiti akatabasamu, akasema kikundi kinaweza kulipa hapo hapo.

Mayu hakuinuka kupokea. Akauliza, "Na njia?"

Njia gani?

"Njia zenu. Mlizoacha wazi mtembee na daftari. Zile mita mbili mbili. Hapo sikupanda kitu."

Bwana shamba alichukua kijiti akachora chini. Mita 30 kwa 46 ni 1,380. Vitalu vyote 960. Njia ni mita za mraba 420, karibu mara mbili ya vitalu vya maji tulivyokuwa tunavigombania tangu Novemba. Kwa kiwango cha A, kilo 38 kasoro kidogo. Nilirudia hesabu kwenye simu nikitumaini nukta imekosea mahali. Haikukosea. Sentensi niliyoiandika kwa mkono wangu inasema "kilo zozote zitakazopungua shambani kwake kwa sababu ya jaribio hili," na njia hizo zilikuwa za jaribio, si za mbuzi.

Jumla kilo 46.5. Tuko 12, kila mmoja kilo 3.9. Kuna waliosema alipwe pesa kwa bei ya siku, Mayu akakataa, akataka pamba. Kuhusu msimu ujao hakukataa wala hakukubali. Alisema tu kwamba kwanza tung'oe na kuchoma maotea yake, yaani mabua ya pamba yaliyobaki shambani, kabla ya tarehe 15 Septemba, kama sheria inavyotaka, na tuyachome wenyewe.

Wa kwanza kuleta alikuwa yule kijana wa lita 1.1. Kilo nne kamili, kwenye kiroba. Mayu akaimwaga juu ya turubai, akapiga magoti, akaichambua taratibu. Akatoa konzi moja ya fifi akamrudishia.